Kioo kimetoka cha kahawia, au kimetoka cheupe ila umeme haupiti: tumsake mchawi kwenye kupaka ITO na AZO kwa plazma

Hii ni kwa ajili yako we ambaye mashine ipo, tageti (lile bamba la maada unayotaka kuipaka) ipo, pampu inanguruma, plazma inawaka vizuri tu, alafu ukitoa kioo unakuta sicho ulichotaka. Naongelea kupaka oksaidi zinazopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, ITO (oksaidi ya indiamu yenye bati, kawaida asilimia 90 kwa 10 kwa uzito) na AZO (oksaidi ya zinki yenye alumini kidogo, mara nyingi asilimia 2 ya oksaidi yake), kwa magnetroni (kishikizo cha tageti chenye sumaku nyuma yake), yaani argoni inageuzwa plazma, ioni zake zinaipiga tageti, vipande vidogo vidogo vya tageti vinaruka na kutua kwenye kioo, vinajenga utando mwembamba. FTO (oksaidi ya bati yenye florini) siigusi sana humu maana hiyo wengi wanaipata kwa kunyunyiza au kwa mvuke wa kemikali kwenye kioo cha moto, matatizo yake ni mengine kabisa.

Na niseme tu mapema msimamo wangu: watu wengi tatizo likitokea wanakimbilia nobu ya oksijeni. Wanaizungusha asubuhi mpaka jioni. Mara nyingi sana oksijeni haina kosa, mchawi ni maji au uchafu, na ukiizungusha oksijeni kabla hujajua unapotezea hata ile setingi nzuri uliyokuwa nayo.

KWANZA HAKIKISHA TATIZO LIPO

Mtu anakuja analalamika utando wangu una ohmu 90, ukimuuliza umepimaje anakwambia multimita, zile pini mbili kazibonyeza popote palipomjia. Hiyo namba ni ya bahati nasibu, ndani yake kuna mguso wa ncha za pini, kuna umbali kati ya pini, kuna umbo la kioo, na ukibonyeza kwa nguvu zaidi inabadilika. Kinachotakiwa ni pini nne zilizopangwa mstari, mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti, unagawa volti kwa mkondo unazidisha kwa 4.532, hapo unapata ohmu kwa mraba. Ila hiyo 4.532 ni ya kioo kikubwa sana ukilinganisha na nafasi kati ya pini. Kwenye kijipande kidogo, au ukipima karibu na ukingo, namba itatoka kubwa kuliko ukweli na utaanza kuilaumu mashine bure.

Huna pini nne? Fanya hivi, acha utando uwe wa umbo la mraba, paka rangi yenye fedha ndani yake, ile inayopitisha umeme, kwenye kingo mbili zinazotazamana, ukingo mzima sio nukta, ikauke, pima kati yake. Kwa sababu ni mraba, namba unayosoma ndo karibu ohmu kwa mraba yenyewe, iwe mraba wa sentimita 1 au wa sentimita 5.

Kitu cha pili ni unene. Ohmu kwa mraba ni ukinzani wa ile maada gawanya kwa unene, sasa kama unene huujui huwezi kujua utando ni mbaya au ni mwembamba tu. ITO nzuri iliyopakwa kwenye kioo cha moto inacheza kwenye 2×10⁻⁴ ohmu sentimita, ukiwa na nanomita 150 unategemea kama ohmu 13 kwa mraba. AZO nzuri ni mara mbili mpaka mara tano ya hapo. Nimeshaona mtu kahangaika wiki nzima na utando ambao hauna shida yoyote, tageti yake tu imeliwa, kasi ya kupaka imeshuka, muda ni uleule, kwa hiyo utando umekuwa mwembamba na ohmu zimepanda. Ni hesabu ya kugawanya tu ile! Kama hupashi kioo moto unaweza kuchora mstari wa maka peni kwenye kioo kabla hujapaka, ukimaliza unafuta kwa asetoni, wino unatoka na utando ulioko juu yake, inabaki ngazi ambayo unaipima kwa kifaa cha sindano.

RANGI NA OHMU ZISOMWE PAMOJA

Hapa ndo kiini cha yote. Rangi peke yake haikwambii kitu na ohmu peke yake hazikwambii kitu. Weka kioo juu ya karatasi nyeupe, iangalie rangi, alafu kiinamishe kidogo kidogo uangalie kama rangi inabadilika. Rangi inayobadilika ukikiinamisha (kijani inakwenda zambarau, njano inakwenda bluu) hiyo sio uchafu wala ugonjwa, ni mawimbi ya mwanga yanagongana ndani ya utando mwembamba kama mafuta juu ya maji ya dimbwi. Kahawia au kijivu ambayo ukiinamisha haiondoki, hiyo ni utando wenyewe unameza mwanga.

Sasa, kahawia na ohmu ziko juu, au ziko katikati: oksijeni imepungua kwenye utando. Chuma kimebaki uchi, indiamu au zinki ambayo haijapata oksijeni ya kutosha, inameza mwanga na pia inavuruga elektroni zisipite vizuri. Dawa ni kuongeza oksijeni kidogo, na nikisema kidogo namaanisha kidogo kweli. Kwa tageti ya kauri ya ITO unacheza kama kwenye asilimia 0.5 mpaka 2 ya oksijeni ndani ya argoni, kwa AZO ya kauri mara nyingi hata sifuri inatosha. Panda kwa hatua ya asilimia 0.2, tena kila hatua kioo kipya.

Cheupe safi kama hakijapakwa, ila ohmu ziko juu sana: hapo kinyume, oksijeni imezidi. Zile nafasi tupu za oksijeni ambazo zinatoa elektroni huru zimezibwa, na bati au alumini nayo ikizidiwa na oksijeni inaacha kutoa elektroni. Mwanga unapita raha mustarehe, umeme hauna wa kuubeba. Ila subiri! Kabla hujapunguza oksijeni nenda kwanza kasome sehemu ya maji hapo chini, maana maji yanatoa dalili hiihii na ndo mtego ulionila mimi.

Kahawia lakini ohmu ziko chini, hiyo hata usiiite kosa, pasha moto tu baadaye. ITO iliyopakwa kwenye kioo baridi yenye upungufu kidogo wa oksijeni ukiichoma nyuzi 200 mpaka 250 kwa nusu saa inang'aa na ohmu zinashuka. Wengine wanafanya makusudi kabisa.

Alafu kuna hii inayochanganya watu: utando hauna rangi ya kahawia, ohmu nzuri, lakini kipimo cha mwanga kinasema asilimia 77 na wewe ulitegemea 85. Angalia unene. Kielezo cha mpindo cha hizi oksaidi ni kama 2, kwa hiyo kwenye mwanga wa kijani wa nanomita 550, unene wa kama nanomita 69 ndo unaorudisha mwanga mwingi kuliko wote, upande uliopakwa unarudisha karibu asilimia 20 wakati kioo kitupu kinarudisha 4 tu. Ongeza mpaka kama 137 mwanga unapita tena vizuri. Utando haujameza kitu, umerudisha tu kama kioo cha kujitazamia. Kumbuka pia kwamba kioo kitupu chenyewe kinapitisha kama asilimia 92, usidai 95 kutoka kwa kitu ambacho hakikuwa nayo.

Na ukiona mwanga unaoonekana unapita vizuri ila ule wa infraredi unakatika mapema, usishtuke, elektroni zikiwa nyingi (10²⁰ mpaka 10²¹ kwa kila sentimita ya ujazo) ndo zinavyofanya. Kama kazi yako inahitaji infraredi ipite, basi punguza elektroni na utafute utando ambao elektroni zake zinakimbia vizuri, huwezi kupata vyote.

MAJI, MAJI, MAJI

Piga hesabu hii uone. Unafanya kazi kwa paskali 0.5, oksijeni yako ni asilimia 1, maana yake shinikizo la oksijeni ni 5×10⁻³ paskali. Sasa ulianza kazi vakyumu ikiwa 1×10⁻³ paskali kwa sababu una haraka, na kwenye chemba isiyopashwa moto hicho kilichobaki sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Yaani umeshaweka maji kiasi cha moja ya tano ya oksijeni yako bila kugusa nobu yoyote, na kesho yatakuwa kiasi kingine. Plazma inayavunja maji, oksijeni inaingia kwenye utando, haidrojeni nayo inaingia, na ITO yenye maji inakataa kujipanga kuwa fuwele, inabaki ovyo ovyo. Ndo maana mi sianzi kupaka kabla ya 1×10⁻⁴, na nikiweza nashuka chini zaidi.

Yaliyonikuta: kwa kama wiki mbili kioo cha kwanza cha asubuhi kinatoka kibaya, cheupe lakini ohmu mara tatu, cha pili afadhali, cha mchana kizuri kabisa. Resipe ileile, gesi ileile. Nikapunguza oksijeni ya asubuhi, asubuhi ikawa nzuri, mchana ikawa kahawia. Nikawa na resipe mbili, ya asubuhi na ya mchana, na kwa aibu niseme niliona kama nimegundua kitu. Siku moja nafungua mlango wa chemba jioni nikagusa ukuta wa ndani kwa bahati mbaya, baridi kabisa, na kidole kikatoka na unyevu. Kumbe maji ya kupozea ukuta yalikuwa yanapita muda wote, hata mlango ukiwa wazi, na hewa ya chumba ikiingia inaganda pale kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usiku kucha pampu inavuta lakini maji yaliyoshika ukutani hayatoki kirahisi, asubuhi ndo plazma inayachoma yanatoka kwenye kioo cha kwanza. Nikafunga maji ya kupozea nusu saa kabla ya kufungua, nikaanza kuingiza naitrojeni kavu badala ya hewa, tatizo likaisha na resipe ikarudi kuwa moja.

Sasa utajuaje ni maji au ni kuvuja? Funga vali ya pampu kubwa, andika shinikizo kila sekunde 10 kwa dakika chache. Ikipanda mstari ulionyooka bila kuchoka, kuna tundu, hewa inaingia. Ikipanda kwa kasi mwanzoni alafu inalegea inajikunja, hiyo ni kuta zinatoa maji. Kama una kifaa cha kuchambua gesi mambo ni mepesi zaidi, namba (yaani uzito wa chembe ya gesi) 18 ikiwa juu ni maji, 28 na 32 zikiwa juu kwa pamoja, 28 ikiwa kama mara nne au tano ya 32, na 14 ipo, hiyo ni hewa. Baada ya hapo ni helium tu, puliza kidogo kidogo kwenye kila maungio ukianzia juu kwenda chini (helium inapanda, ukianzia chini itakudanganya) uangalie namba 4.

Kabla hata ya helium lakini, fungua mlango, toa oringi (ile pete ya mpira inayoziba mlango), ipitishe taratibu kati ya vidole viwili chini ya taa. Unywele mmoja. Mi nimeshaukuta unywele mmoja umelala kukatiza oringi, huuoni kwa macho ya haraka, vidole ndo vinahisi kale kamchubuko. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na pombe, sio lazima uipake grisi, na ukipaka iwe ya vakyumu na iwe kiduchu.

Rangi ya plazma nayo inasema. Argoni safi ni zambarau iliyofifia. Ukiona pinki inayoelekea wekundu na hukuweka kitu kingine, kuna naitrojeni au maji humo ndani. Na tageti ya ITO ikiliwa vizuri unaona ubluu mzito karibu na uso wake, huo ni mwanga wa indiamu yenyewe, mstari wa nanomita 451. Chuma hiki jina lake linatokana na rangi hiyo ya nili, kiligunduliwa mwaka 1863 kule Freiberg, Ujerumani, na Ferdinand Reich na Theodor Richter, na kinachofurahisha ni kwamba Reich alikuwa haoni rangi vizuri, ikabidi Richter ndo aangalie mwanga. Kwa hiyo usijione mnyonge ukimwita mwenzako aje akuangalizie.

JOTO LINAKUDANGANYA

Kama umeweka nyuzi 300 na ohmu zako zinafanana na za mtu aliyepaka kwenye baridi, uwezekano mkubwa kioo hakijafika 300. Kipima joto kipo kwenye hita au nyuma ya kishikizo, kioo kimekalia kingo tu, na kwenye vakyumu hakuna hewa ya kubeba joto, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 100 kati ya namba kwenye skrini na uso wa kioo ni kitu cha kawaida kabisa. Subiri, dakika 30 au zaidi, au bandika stika za joto zinazobadilika rangi upime mara moja ujue tofauti yako ni kiasi gani.

ITO inaanza kujipanga kuwa fuwele kwenye kama nyuzi 150. Kujua imejipanga au la bila mashine ya eksirei, dondoshea tone la asidi ya oksaliki kwenye kona, ile isiyojipanga inayeyuka, iliyojipanga haijali. AZO usiifanyie hivyo, yenyewe inaliwa na asidi kidogo tu, hata haidrokloriki ya nusu asilimia inaipitia kwa sekunde.

Kuchoma baadaye angalia unachomea wapi. Ndani ya vakyumu, au naitrojeni, au naitrojeni yenye haidrojeni kidogo, ohmu zinashuka au zinakaa. Kwenye hewa ukipita nyuzi 300 ITO inaanza kupoteza na AZO ndo kabisa, oksijeni inaingia inaziba zile nafasi na kukaa kwenye mipaka ya punje za fuwele. Kama umechoma kwenye hewa na ohmu zimepanda, ichome tena kwenye vakyumu, mara nyingi sehemu kubwa inarudi.

Na kioo cha kawaida cha dirisha kina soda kama asilimia 13 au 14. Ukikipasha moto sodiamu inatembea inaingia kwenye utando na kuuharibu, dalili yake ni kwamba kioo cha boro au cha kwotsi kinatoka vizuri na cha kawaida kibaya kwenye mzunguko uleule. Dawa ni kupaka kwanza nanomita 20 mpaka 50 za oksaidi ya silikoni kama ukuta wa kuzuia. Pia kioo cha kawaida kina upande uliolala juu ya bati lililoyeyuka wakati kinatengenezwa, ukikimulika kwa taa ya UV ya nanomita 254 gizani upande huo unang'aa kama maziwa. Paka upande mwingine, au angalau paka upande uleule kila siku. Na vaa miwani, taa hiyo inachoma macho.

KATIKATI PAZURI, PEMBENI PABAYA (AU KINYUME)

Ukipima ohmu kwa mstari kukatiza kioo ukakuta mlima na bonde, usidhani ni unene tu. Pima na unene pale pale. Kama unene na ohmu vinafuatana kinyume kwa uwiano, basi ni mpangilio, sogeza kioo mbali, kizungushe, au sahihisha kwa kinga yenye umbo.

Ila kama unene uko sawa na ohmu zimeruka sehemu iliyotazamana na ile pete iliyochimbika kwenye tageti (pale ioni zinapoila zaidi), hiyo ni kesi nyingine, na kwenye AZO ipo sana. Kwenye uso wa tageti kunazaliwa ioni hasi za oksijeni, volti ya tageti inazisukuma kwa nguvu zote moja kwa moja kwenda kwenye kioo, zinafika na nguvu ya mamia ya elektroni-volti na kuupiga utando kama mvua ya mawe. Pale zinapotua utando unajeruhiwa, fuwele zinavurugika, ohmu zinaweza kupanda hata mara kumi. Kuongeza oksijeni hapo ni kumwaga petroli kwenye moto. Kinachosaidia ni kushusha volti ya tageti: sumaku zenye nguvu zaidi, au kutumia RF (umeme wa masafa ya redio) au RF ikichanganywa na DC (umeme wa mkondo mnyoofu) badala ya DC tupu, au kupandisha shinikizo kidogo ili ioni zigongane njiani zichoke, au kukiweka kioo pembeni kisitazamane na pete, au kukizungusha ili jeraha ligawanywe. Kuongeza joto la kioo nako kunaponya kiasi.

UTANDO UNABANDUKA, UNA MATUNDU, UNA NYUFA

Kubanduka ni usafi kwa asilimia kubwa. Chukua kioo ulichodhani umekiosha, kipumulie kwa mdomo. Ukungu ukitanda sawasawa kama shuka na ukaondoka sawasawa, sawa. Ukiona ukungu umechora alama ya dole gumba, mistari yote ya kidole unaihesabu, basi jua utando nao utaichora hivyohivyo na hapo ndo utabanduka. Mi naosha kwa sabuni ya maabara kwenye mashine ya mtetemo dakika 15, maji safi yaliyotolewa madini, asetoni, aisopropanoli, napuliza naitrojeni, alafu UV na ozoni au plazma ya oksijeni dakika chache, na baada ya kukipumulia kukijaribu nakiosha tena, maana pumzi nayo ni uchafu.

Kama kioo ni safi na bado utando unajikunja na kubanduka wenyewe, huo ni msongo. Shinikizo la kazi likiwa chini sana chembe zinafika na nguvu nyingi, utando unabanwa, ukiwa mnene unapasuka na kuruka. Panda kutoka paskali 0.2 kwenda 0.5 au 0.8 uone. Ukipanda sana nako utando unakuwa kama sponji, ohmu juu, na ukiuacha nje siku kadhaa unanyonya unyevu, AZO haswa.

Matundu madogo, kimulike kioo kwa taa kutoka nyuma gizani, ukiona nyota nyota ni vumbi. Vumbi linatoka wapi, angalia kinga za ndani ya chemba, zikishakuwa na magamba yanayomenyuka yanadondoka kwenye kioo. Zitoe, zipigwe mchanga, zirudi. Na kama chemba yako kioo kinalala chini kikitazama juu, utapata matundu zaidi, kigeuze kama unaweza. Pia usifungulie hewa kwa pupa wakati wa kurudisha shinikizo, ule upepo unatimua vumbi lote.

CHECHE, NA PLAZMA INAYOGOMA

Cheche kwenye tageti ya ITO angalia vinundu vyeusi. Vinaota juu ya uso kadiri tageti inavyoliwa, haviliwi kama sehemu nyingine, vinakusanya chaji na kulipuka, na kila kikilipuka kinarusha punje kwenye kioo. DC ya kupigapiga ya kilohetsi 20 mpaka 100, inayogeuza volti kwa maikrosekunde chache kila mara, inatuliza sana cheche, lakini vinundu vikizidi lazima vikwanguliwe. Hapa sitanii: vumbi la ITO ukilivuta linaharibu mapafu kabisa, wafanyakazi wa viwanda nchini Japani waliugua na kuna aliyefariki, na taarifa za kitabibu zipo tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Lowesha, vaa barakoa ya kuchuja chembe sio ile ya kitambaa, glovu, futa kwa kitambaa cha maji, na usipulize kwa hewa ya kompresa hata siku moja.

Tageti ya kauri ipande pawa polepole. Tageti ya inchi 3 ina kama sentimita 45 za mraba, kwa hiyo wati 100 ni kama wati 2.2 kwa kila sentimita ya mraba, hapo panatosha. Ukiiruka kutoka sifuri mpaka juu itapasuka, na ikizidi joto ile indiamu iliyoigundisha kwenye sahani ya shaba inayeyuka kwenye nyuzi 156 tu, utaona matone ya rangi ya fedha yanachuruzika kwenye kingo. Ukiyaona hayo zima, usijidanganye kwamba utamalizia mzunguko huu.

Plazma isipowaka kabisa: pandisha argoni mpaka paskali 3 au 5, iwashe, alafu shuka taratibu. Bado? Zima pawa saplai, ichomoe, hakikisha hakuna chaji iliyobaki, pima kwa multimita kati ya tageti na mwili wa mashine. Ikisoma sifuri kavu kuna gamba limelala kwenye ule mwanya wa milimita 2 au 3 kati ya tageti na kinga yake, litoe. Ikisoma kiloohmu kadhaa usihangaike, hayo ni maji ya kupozea yanapitisha kidogo. Kwa RF angalia pawa inayorudi, ikiwa zaidi ya asilimia chache basi ni boksi la kulinganisha (linalooanisha pawa saplai na plazma) au kebo iliyolegea, ikaze kabla hujamwita fundi.

ILIKUWA NZURI, INAHARIBIKA POLEPOLE

Hii ndo inayotesa kwa sababu huna siku ya kuinyooshea kidole. Tageti inavyochimbika uso wake unasogelea sumaku, volti inashuka, kasi inabadilika, na chemba nayo inavaa nguo ya oksaidi inayonyonya maji. Anza kila kazi kwa kupaka na shata (kile kifuniko kati ya tageti na kioo) imefungwa dakika 10 mpaka 20, zaidi kama chemba ilifunguliwa. Na weka daftari. Tarehe, vakyumu ya kuanzia, volti ya tageti, mkondo, shinikizo, muda, ohmu, unene, rangi, na mstari mmoja wa kitu chochote cha ajabu kama umebadilisha mtungi wa gesi au umepiga chafya mlango ukiwa wazi. Mara mbili nimemkamata mchawi kwenye daftari bila kufungua chemba: mara ya kwanza volti ilishuka 30 siku ileile mtungi mpya wa argoni ulipofungwa, na kumbe bomba lilikuwa halijapitishiwa gesi kutoa hewa iliyokuwemo, mara ya pili volti ilikuwa sawa, vakyumu sawa, kila kitu sawa, ila ohmu zimepanda asilimia 20, nikarudi nyuma kurasa tano nikakuta tulibadilisha boksi la vioo na hakuna aliyeandika ni upande upi unatazama juu.